Jodari na Saa Zake

Nyumbani kwetu Mbagala mambo makubwa yote huamuliwa na mavyaa: mgeni alale chumba gani, ada ya shule ilipwe lini, pazia la sebuleni libadilishwe sasa au lisubiri Idi. Samaki peke yake ndiye aliyekabidhiwa mume wangu. Amezaliwa Kilwa Kivinje, amekulia kwenye ngalawa ya baba yake, na anaamini kwamba mtu wa asili hiyo hawezi kuuziwa samaki mbovu, kama vile kadhi asivyoweza kufungishwa ndoa bila kujua.

Vipimo vyake ni vitatu na sote tumevikariri. Jicho liwe limetuna na linang'aa. Mashavu yakifunuliwa yawe mekundu. Nyama ikibonyezwa kwa dole gumba irudi mahali pake. Akifika penye meza ya samaki huvipitia vyote polepole, wauzaji wakimtazama, kisha huguna, na bei hushuka hapohapo. Samaki aliyelazwa kwenye barafu hata hamgusi. Husema huyo ana jambo analolificha.

Jumamosi moja wifi yangu mkubwa alikuja kutoka Lindi kumjulia hali mama yake. Wifi huyu hali kuku wa kisasa, anadai wananuka duka la dawa. Nyama ya ng'ombe nayo inampandisha presha. Ikabaki bahari. Mavyaa akampigia simu mwanawe kazini: apitie samaki, awe jodari, tena mzima, asiwe wa vipande.

Anayemtaka jodari kwa haki yake humfuata sokoni Feri alfajiri, vyombo vinapotia nanga. Samaki hushushwa kwa matenga, dalali anapaza sauti, wachuuzi wanapandishiana bei, na jua likishachomoza wale wazuri wamekwishapata wenyewe. Mume wangu anayajua haya kuliko mimi. Lakini Jumamosi hutoka kazini saa nane mchana, na saa hiyo jodari wa alfajiri wameshatawanyika mjini, kwenye ndoo vichwani mwa watu, nyuma ya baiskeli, na juu ya meza za mbao kando ya vituo vya daladala.

Wake alimkuta kwenye meza ya namna hiyo, amelazwa juu ya gunia lililolowanishwa maji, kijana anawafukuza nzi kwa tawi la mwarobaini. Barafu haikuwepo, jambo lililomfurahisha. Jicho lilikuwa linang'aa. Mashavu mekundu. Nyama ilibonyea ikarudi. Akaguna, na jodari wa elfu ishirini akawa wa elfu kumi na tatu.

Kuanzia hapo nitasimulia kwa saa, kwa sababu saa ndizo zilizokuja kutoa ushahidi.

Saa nane na nusu alipanda daladala. Viti vilikuwa vimejaa, konda akambana mbele kwenye boneti, pale injini inapochemka, naye akamweka jodari mapajani ndani ya mfuko wake wa kitambaa. Foleni ya Barabara ya Kilwa siku hiyo ilikuwa ya kuagana na ndugu. Saa kumi na nusu akashuka, shati limeloa, akampandisha jodari juu ya benchi la jikoni kama kombe la ubingwa.

Mimi sikuwepo, nilikuwa kwenye kikoba. Niliyoyakosa nilisimuliwa baadaye na watu watano, kila mmoja kwa toleo lake, ila kwenye hili wote walikubaliana: umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, friji lilikuwa kabati tu, na mara samaki alipowekwa chini, mama na binti wakaanza kugombana. Wifi alitaka samaki wa kupaka, achomwe kwa mkaa huku akipakwa tui zito. Mavyaa alitaka mchuzi wa ukwaju, kwa hoja kwamba ndivyo marehemu mumewe alivyompenda jodari. Marehemu akaitwa shahidi na pande zote mbili. Jodari akasubiri kwenye karai, juu yake wamefunika kawa. Kawa lilimkinga na nzi. Joto liliingia bila kubisha hodi.

Wifi alishinda kwa sababu ndiye aliyekuwa mgeni. Binti yangu mkubwa akaketi kwenye mbuzi kukuna nazi, shemeji akapewa kazi ya kuwasha mkaa, na shemeji huwasha mkaa huku akiangalia mpira kwenye simu. Jodari aliwekwa juu ya moto adhana ya magharibi ilipokuwa ikiadhiniwa.

Niliporudi wameshaketi mkekani. Kikoba chetu kilikuwa kimegawa faida siku hiyo, tukapikiana pilau, nami nilikuwa nimeshiba hadi kooni. Nikakaa pembeni na glasi ya maji. Kitinda mimba wangu, ambaye haoni tofauti kati ya samaki na adhabu, alikuwa na wali wake na maharage ya mchana.

Mume wangu alitia tonge la kwanza, akafumba macho. "Dada," akasema, "leo pilipili umeiweza."

Wifi akaacha kutafuna. "Pilipili gani? Mama ana vidonda vya tumbo, sijatia hata mbegu."

"Mbona inauma ulimi?"

"Hata mimi inanichonyota," akasema shemeji huku mkono wake ukirudi kwenye sinia.

Mavyaa akaamua kwamba ni tangawizi. Binti yangu akasema tangawizi haikutiwa. Mavyaa akasema watoto wa siku hizi hawajui hata walichotia. Wakaendelea kula, maana jodari, pilipili au si pilipili, alikuwa mtamu.

Nusu saa haikutimia. Mavyaa aliomba dirisha lifunguliwe. Lilikuwa wazi. Shemeji akavua shati. Wifi akaanza kujikuna shingo, kisha mikono, kisha akajifunua kanga kifuani tukaona vipele vimemtutumka. Binti yangu akakimbilia msalani. Mume wangu akashika kichwa, akasema masikio yanamwaka moto na moyo unamwenda mbio. Mkeka mzima ulikuwa unajikuna na kuhema.

Hapo ndipo tume ya uchunguzi ilipoundwa, wajumbe wakiwa ndio wagonjwa wenyewe.

Mavyaa alisema ni husuda. Jirani alichungulia juu ya ukuta jodari akichomwa, akasema "leo mnakula nyie", wala hakusema mashallah. Mume wangu alishuku mkaa. Shemeji, aliyeuwasha mkaa, alishuku nazi. Nazi ilikunwa na binti yangu, kwa hiyo kesi ikavuka mpaka na kuingia upande wangu wa ukoo. Kila kitu kilishukiwa isipokuwa samaki, maana samaki alikuwa amepimwa.

Kisha wifi akanigeukia. "Wifi yangu, wewe mbona huwashwi?"

Swali lilikuwa zuri na lilikuwa baya. Nilijibu kwamba sikula. "Umejuaje usile?" akauliza. Nikaeleza habari za kikoba na pilau. Nikaona nyuso nne zilizojaa vipele zikinitazama, nikafahamu jinsi watu wanavyofungwa bila kosa. Madafu yaliagizwa, yakanywewa, hayakusaidia. Mavyaa akaagiza kikombe cha maji kisomewe. Nikasema maji yatasomewa njiani, nikaita bajaji mbili.

Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja wa zamu, kijana mwembamba. Alimwamkia mavyaa kwanza, akapima mapigo na presha za watu wote, akawasikiliza vifua, akauliza kama yupo anayeshindwa kupumua au aliyevimba ulimi. Hakuwepo. Akaketi.

"Mmekula nini?"

Wakajibu watano kwa pamoja. Akanyoosha kidole kwa kitinda mimba wangu aliyekuwa anacheza na mizani ya watoto wachanga. "Huyu?"

"Wali, tui na maharage," nikasema. "Hali samaki. Na mimi sikula."

"Samaki gani?"

"Jodari," akasema mume wangu. "Lakini nilimpima mwenyewe."

"Alikuwa kwenye barafu?"

"Hata kidogo," akasema kwa fahari. Tabibu akaanza kuandika.

Aliyotueleza usiku ule ningependa kila nyumba ya pwani iyasikie. Jodari, vibua na nguru ni wa ukoo mmoja, na nyama yao ina kwa wingi kitu kinachoitwa histidini. Samaki akishakufa na kuachwa kwenye joto, bakteria waliokuwa kwenye mashavu na matumbo yake huingia kwenye nyama na kuigeuza histidini kuwa histamini. Histamini ndiyo kemikali ileile ambayo mwili wa mtu huimwaga anapopatwa na aleji. Kwa hiyo aliyemla samaki huyo huwashwa, hutokwa na vipele, huumwa kichwa, moyo humwenda mbio, na mara nyingine tumbo humharibika, yote ndani ya dakika chache au saa moja hivi. Ile pilipili ambayo hakuna aliyeitia ni dalili maarufu. Ulimi ulitoa taarifa mapema, ukapuuzwa.

"Kwa hiyo sisi tuna aleji ya samaki," akasema wifi kwa huzuni ya mtu anayeiaga bahari.

"Hapana, mama. Aleji ni ya mtu, hii ni ya samaki. Kesho ukila jodari aliyetunzwa vizuri hutapata lolote."

Nikafikiria ni watu wangapi mitaani kwetu wanaotembea wakisema damu yao haipatani na jodari, kumbe walikutana siku moja na jodari wa mchana.

Mume wangu hakukubali kirahisi. Jicho lilikuwa linang'aa, akasema, na harufu haikuwepo. Tabibu akamwambia vipimo vyake ni vizuri, kila mnunuzi avitumie, lakini vinamkamata samaki aliyeoza, na histamini inaweza kujaa kabla harufu na macho havijabadilika. Kiasi kinachokubaliwa na viwango vya kimataifa vya Codex ni miligramu 200 kwa kila kilo ya samaki. Kuhakikisha kunahitaji maabara, na dole gumba si maabara.

Mavyaa naye alikuwa na swali lake. "Lakini tulimchoma akaiva, mwanangu. Moto si unaua?"

"Moto unaua vijidudu, bibi. Sumu waliyokwisha kuitengeneza hauiondoi. Hata kumgandisha hakuiondoi, wala kumkausha kwa moshi, wala kumtia kwenye kopo. Barafu inazuia isitengenezwe. Ikishatengenezwa, barafu nayo imechelewa."

Akawapa vidonge vya aleji, vilevile vya duka la dawa tunavyomeza tukipatwa na mafua ya vumbi, akawaketisha kwenye benchi awaangalie. Shemeji aliomba sindano, kwa kuwa haamini kidonge kinachomezwa na wagonjwa wengine wote. Alinyimwa. Tabibu akanigeukia mimi niliyekuwa mzima: mara nyingi hali hii huisha ndani ya saa chache au siku moja, lakini mtu akianza kubanwa na pumzi, kuvimba ulimi au kuzimia, asisubiri kidonge kifanye kazi, apelekwe hospitali mara moja.

Pale kwenye benchi ukutani palibandikwa kanuni tano za chakula salama za Shirika la Afya Duniani. Mavyaa alivaa miwani akaanza kuisahihisha nyumba yake kwa sauti. Usafi: tunanawa. Kutenganisha vibichi na vilivyopikwa: kibao cha samaki ni mbali na cha kachumbari. Kupika kikaiva: tulipika. Maji salama: tunachemsha. Akafika kwenye ile ya kutunza chakula katika joto linalofaa, yaani cha baridi kiwe chini ya nyuzi 5, cha moto kiwe zaidi ya nyuzi 60, na kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2. Akanyamaza. Kisha akaanza kuhesabu kwa vidole: alfajiri kwenye chombo, asubuhi kwa mchuuzi, mchana kwenye gunia, alasiri kwenye boneti, jioni kwenye karai huku yeye na bintiye wakimgombania marehemu. Vidole vya mkono mmoja vilikwisha. Hakuna aliyempa jodari sumu. Kila mmoja alimpa saa yake.

Vipele vilianza kunywea kabla ya usiku wa manane. Kurudi nyumbani wifi alikaa bajaji moja na mimi. Hakuniomba radhi, ila kabla hajaondoka niliikuta doti mpya ya kanga juu ya kitanda changu. Jirani aliyetuhumiwa alipelekewa bakuli la maandazi bila maelezo, na mpaka leo anashangaa.

Jumatatu mume wangu na shemeji walikwenda kumtafuta muuzaji. Walikwenda kifua mbele. Kijana aliwasikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Mzee, mimi nilikuuzia mchana. Mlimla saa ngapi?"

Shemeji akasema hoja ni barafu, mbona haweki.

"Nikiweka barafu wananipita," akasema kijana. "Wanasema huyo ni wa juzi, barafu inamficha. Nikimlaza mkavu wanasema huyu ndiye wa leo. Barafu nainunua kwa pesa yangu, inayeyuka juani, kivuli sina, maji ya bomba sina, na samaki mwenye barafu mnampa bei ya chini. Wewe mwenyewe mzee uliniambia umempenda kwa sababu hana barafu."

Shemeji anasimulia kwamba kaka yake alitazama chini kwa muda mrefu, akanunua ndimu ambazo hatukuwa na haja nazo, wakarudi.

Nilipoambiwa haya nilikasirika, ila hasira haikumpata kijana. Tumezoea kumhukumu muuzaji wa barabarani kwa aproni na kucha zake, na ni sawa, vitu hivyo vina maana. Lakini sisi wateja ndio tunaomfundisha jinsi ya kuuza. Mteja anayeikimbia barafu amemfundisha aitupe. Anayetaka samaki wa jioni kwa nusu bei analipia saa alizokaa juani. Na halmashauri inayotoza ushuru kila siku bila kujenga kivuli wala kuleta bomba la maji imechangia meza ile ya gunia sawasawa na mwenye meza.

Wala si jodari peke yake. Wali nao una vijidudu ambavyo mbegu zake hustahimili kuchemka. Sufuria ikiachwa usiku kucha jikoni, mbegu huamka na kutoa sumu, na kuupasha wali asubuhi hakuiondoi. Mavyaa ni mpenzi wa kiporo cha wali na chai tangu utotoni, na hukumu hii aliipokea kwa uchungu, lakini sasa wali uliobaki huwekwa kwenye vyombo vipana upoe haraka, kisha huingia kwenye friji kabla hatujalala. Umeme usipokuwepo tunapika kidogo. Barabarani pia amebadilika. Zamani alipendelea kabati la kioo lenye samaki waliokaangwa na sambusa zilizopangwa vizuri. Siku hizi huuliza vimekaangwa saa ngapi, kisha huvuka barabara kwenda kwa mama ntilie ambaye sufuria yake inafuka mvuke na wateja hawaipi nafasi ya kupoa. Chakula kinachotoka motoni kuingia kwenye sahani, hata chini ya mti, kina usalama zaidi kuliko kilichokaa tangu asubuhi ndani ya kioo.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba chakula kisicho salama huwafanya watu milioni 600 duniani waugue kila mwaka na huwaua 420,000, na kwamba Afrika ndiyo inayobeba mzigo mzito zaidi ikilinganishwa na idadi ya watu wake. Sisi tuliwashwa usiku mmoja tukapona. Wapo wanaoanza na mkeka kama wetu na wasirudi kutoka hospitali.

Mume wangu bado ndiye waziri wa samaki, ila amepewa masharti. Jumamosi huondoka na deli dogo lenye barafu, huliacha kazini kwenye kivuli, na akirudi hulipakata kwenye daladala. Makonda humuuliza aiskrimu ni shilingi ngapi. Vipimo vyake vitatu bado anavyo, ila mbele yake ametanguliza cha nne, na hicho hakihitaji kuzaliwa Kilwa.

Nawe ukisimama mbele ya jodari, nguru au vibua, uliza kwanza ametoka majini lini na barafu yake iko wapi. Bei iulize baadaye. Jibu lisiporidhisha, nunua changu au tasi, ambao histamini si tatizo lao kubwa, ingawa nao wanahitaji barafu. Ulimi ukichonyota pilipili ambayo hakuna aliyeitia, acha kula papo hapo, wala usimwangalie wifi yako vibaya. Na muuzaji aliyemlaza samaki wake kwenye barafu mlipe bei anayotaja, kwa sababu barafu nayo inanunuliwa.